Bajia Moja Tu, Bi Mkubwa

Magharibi ile nilisimama mbele ya meza ya urojo pale Michenzani, mjini Unguja, nikashindwa kutamka maneno matano. Bi mkubwa anayeuza ananijua tangu mwanangu wa kwanza yumo tumboni. Alishachukua bakuli, alishatia mbatata, mkono wake wa kushoto umeshika bajia tatu, na mimi ulimi umekuwa mzito. Nilitaka kumwambia: bajia moja tu, bi mkubwa. Nikanyamaza. Akatia zote tatu, akaongeza kachori, akamwaga juu yake chipsi za muhogo kiganja kizima, akateka urojo, akatia chatne na pilipili, akanikabidhi bakuli kwa mikono miwili. Nikala nikamaliza. Nikashukuru, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu huku natweta.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimepimwa sukari kabla ya kutia chochote kinywani. Ikasoma 6.4, kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Muuguzi alinieleza bila ya kunitisha: kuanzia 7.0 ndiyo huitwa kisukari, na baina ya 6.1 na 6.9 mtu bado hajawa mgonjwa, lakini mwili umeshaanza kushindwa kuiweka sukari mahali pake. "Hapo ulipo ndipo pa kurudi, mwalimu," akaniambia. Mjomba wangu, kwetu Wete, Pemba, alikatwa vidole viwili vya mguu kwa maradhi haya. Nilipoisikia ile namba niliuona mguu wake, umefungwa bandeji nyeupe, umenyooshwa juu ya mkeka barazani, na yeye anawafukuza nzi kwa kipepeo cha ukili.

Nilipewa pia karatasi ya ushauri. Iliniambia nile tufaha, brokoli, samaki wa samoni, na niache vyakula vya haraka, na pembeni palichorwa baga na gilasi ya karatasi yenye mrija. Baga mimi nala labda mara moja kwa mwaka. Chakula changu cha haraka ni urojo, ni chipsi, ni mishkaki, ni sambusa ya saa nne wakati wa mapumziko ya skuli, ni muhogo wa kukaanga na achari. Juu ya hivyo karatasi haikuwa na neno hata moja. Iliniuma, kwa sababu aliyeiandika alikuwa na nia njema na hakuniona nilipo. Na kuacha kula njiani siwezi. Nasomesha asubuhi, jioni nina twisheni, nikishuka kwenye gari ni saa kumi na mbili na nusu, jiko la nyumbani limelala na watoto wana njaa. Wanawake wengi wa mjini tunakula hivi. Anayetuita wavivu hajaihesabu siku yetu.

Kwa hiyo nililohitaji ni kujua namna ya kusimama pale pale kwenye meza na kuagiza vingine. Imenichukua miezi minane.

Nianze na chipsi, maana ndizo nilizozisoma kwa karibu zaidi.

Chini ya jengo letu yuko kijana anayekaanga. Siku moja mvua ya masika ilinizuia pale, wateja hakuna, nikakaa kwenye benchi lake nikamtazama kazini. Mbatata zikiingia kwenye mafuta ya moto huchemka povu kubwa. Povu lile ni maji ya ndani ya mbatata yanatoka kwa mvuke, na muda wote mvuke unasukuma kutoka, mafuta hayapati nafasi kubwa ya kuingia. Kazi inageuka pale chipsi zinapotolewa. Zikitoka karaini mvuke unapoa na kurudi kuwa maji, ndani ya chipsi panabaki pengo, na pengo lile linayavuta mafuta yaliyoshika kwenye ngozi. Sehemu kubwa ya mafuta tunayoyala huingia wakati huo, chipsi zikiwa zimeshaiva na sisi tunadhani kazi imekwisha.

Na kijana wangu alikuwa akizitoa na kuzimwaga moja kwa moja kwenye beseni, zikilaliana na mafuta yao.

"Mwanangu," nikamwambia, "hebu zangu zitie kwenye chujio la waya kwanza, uzikung'ute zingali moto."

"Zitapoa, ticha."

"Wacha zipoe."

Akalitoa chujio analochujia vipande vya samaki, akakung'uta mara nne tano, akaliegesha juu ya sufuria tupu. Tukakaa tunatazama pamoja. Mafuta yalidondoka kwanza mfululizo, kisha tone, kisha tone. Alipoliinua, chini ya sufuria palikuwa na mafuta ya kutosha kukaangia yai. Akayatazama, akanitazama, akasema, "Haya yote ungekula wewe?" Kijiko kimoja tu cha kulia kikijaa mafuta kina kalori kama 120, karibu sawa na mbatata moja ya wastani iliyochemshwa. Gramu 100 za mbatata ya kuchemsha hazifikishi kalori 90. Zikiwa chipsi hufika kama 300. Mbatata ni ile ile. Kilichozidi ni mafuta, na maji yaliyotoka kuyapisha.

Yako mengine niliyoyaona siku ile. Kata zilizo nyembamba sana zina ngozi nyingi, na ngozi ndiyo inayobeba mafuta, kwa hiyo namuomba anikatie nene. Karai likijazwa kupita kiasi mafuta hupoa, mbatata zinakaa muda mrefu na kunywa. Na zile zilizokaangwa mchana zikarundikwa, halafu akija mteja zikarudishwa karaini zipate moto, zimeingia mafutani mara mbili. Naomba za karai linalotoka sasa, hata kama nitasubiri.

Halafu yako mafuta yenyewe. Mafuta yaliyotumika siku nyingi yanajieleza: yanakuwa meusi na mazito, povu lake halikatiki, yanatoa moshi kabla hayajapata moto wa kutosha, na harufu yake inakukera koo ukiwa bado uko mbali. Nikiyaona hivyo siagizi cha kukaanga. Lakini simwambii kijana kwamba anauza sumu, kwa sababu najua dumu la mafuta linauzwa bei gani na najua analipia nini jioni. Namwambia, "Leo mafuta yamechoka, mwanangu, nipe mishkaki tu." Ananielewa. Mara ya tatu nilipomwambia hivyo, kesho yake nilikuta mafuta mapya, ya rangi ya asali.

Agizo langu kwake sasa ni nusu sahani ya chipsi, mishkaki miwili, kachumbari ya kujaa upande mzima. Kachumbari yetu ni dawa tunayoidharau. Tungule, vitunguu, matango, ndimu, pilipili mbichi: vinajaza tumbo, vinakulazimisha utafune, na mtu anayetafuna hula polepole. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupelekea ubongo habari kwamba limeshiba. Sahani ya chipsi laini unaimaliza kwa dakika saba, habari haijafika, na wewe umeshaagiza nyingine.

Sasa urojo, ambao niliuogopa kuliko vyote na ndio ulionifundisha zaidi.

Watu wa pwani wakitaka kujirekebisha huanza kwa kuapa kuacha urojo. Mimi pia niliapa, nikakaa wiki tatu, nikawa nazunguka njia ya nyuma nisipite pale kwa bi mkubwa, jambo lililonitia huzuni ambayo sikuitegemea. Ndipo siku moja nikakaa nikajiuliza urojo ni nini hasa. Ule uji wa manjano ni unga kidogo wa ngano uliopikwa na maji mengi, bizari, embe mbichi au ndimu. Mafuta yake ni haba. Ukali wake unatoka kwenye embe na ndimu. Mbatata zilizomo zimechemshwa. Yai limechemshwa. Nyama imechomwa kwenye makaa. Uzito wa bakuli unatoka kwenye vitu vitatu tu: bajia, kachori, na chipsi za muhogo, ambazo ni nyembamba kama nyuzi na kwa hiyo zimebeba mafuta kuliko kitu kingine chochote mle ndani. Nilikuwa nimeihukumu bakuli nzima kwa makosa ya hivyo vitatu.

Nikarudi. Siku hiyo nilisubiri mpaka wateja wamepungua. Nikamwamkia, akaniitikia, akaniuliza nilikuwa safari gani. Nikamwambia ukweli: nimepimwa sukari, imeanza kupanda, nataka urojo wake lakini bajia moja tu, bila ya kachori, chipsi za muhogo kidogo za kunusia, na badala yake aniongezee yai na mshkaki mmoja. Nitalipa bei ile ile na zaidi.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaweka upawa chini, akasema, "Mwanangu, mbona hukusema siku zote? Mimi nakujazia nikidhani nakupenda."

Neno lile bado ninalo. Kwetu kumjazia mtu ndiyo heshima. Mgeni akiondoka na sahani haijaisha unamuuliza kama chakula kimemchukiza. Muuzaji anayepunja anasemwa mtaa mzima. Kwa hiyo mtu akisema "nipunguzie" anahisi kama anarudisha mkono uliomnyooshea zawadi. Nimezungumza na walimu wenzangu na nimekuta wengi wamekwama hapo hapo: wanajua kabisa kwamba bajia tatu ni nyingi, ila wanaona haya. Ujuzi tunao. Kilichokosekana ni ulimi.

Huko kwingine wamejaribu kumsaidia mteja kwa maandishi. New York tangu mwaka 2008 mikahawa yenye matawi mengi inalazimika kuandika kalori kwenye ubao wa bei, na mwaka 2018 sheria hiyo ikaenea Marekani nzima. Uingereza nayo ilianza mwaka 2022 kwa kampuni kubwa. Kwa mkahawa unaouza kitu kile kile kwa kipimo kile kile, ubao unafaa. Bakuli la urojo halina kipimo. Kipimo chake ni kiganja cha bi mkubwa na hali yake ya siku hiyo. Hapa ubao ni mazungumzo yenu.

Vinywaji nitavipita haraka kwa sababu hesabu yake iko wazi. Soda ya kawaida ina sukari kama gramu 10 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inafika gramu 35 au zaidi kidogo, yaani kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Chupa moja imeshapita 25 kabla hujanywa chai ya jioni. Juisi ya miwa ni tamu ya Mungu, lakini ndimu na tangawizi vinavyotiwa havipunguzi sukari yake. Mimi nilibadilisha soda kwa maji, na dafu nikitaka kujifurahisha, kwa sababu sukari ya dafu ni ndogo ikilinganishwa na soda. Katika yote niliyofanya, hili lilikuwa jepesi kuliko yote na naamini ndilo lililonisaidia zaidi. Kama utabadilisha jambo moja tu, badilisha kinywaji.

Chumvi ilikuwa ngumu. Kiasi cha siku nzima hakitakiwi kufika gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi ya boflo la asubuhi, ya mchuzi wa mchana na ya sosi ya chupa. Kijana wa chipsi ananyunyiza mara mbili: zikitoka karaini na zikiingia kwenye sahani. Nilimwomba asitie kabisa, nikawa nakamulia ndimu. Wiki ya kwanza chakula kilikuwa hakina maana mdomoni. Kufika wiki ya nne ulimi ulizoea, na siku niliyoonja chipsi za mwenzangu nilikunywa maji gilasi mbili.

Mwezi wa Julai dada yangu alikuja kutoka Pemba na watoto wake, na watoto wa Pemba wakija Unguja lazima wapelekwe Forodhani. Nilikwenda na wasiwasi. Bustani ile, tangu ilipotengenezwa upya mwaka 2009, usiku inawaka taa mwanzo hadi mwisho, na kila meza inakuita kwa jina ambalo si lako. Watoto waliiona piza wakasimama. Anayeitengeneza huuvuta unga mpaka uone mkono wake upande wa pili, akatia nyama ya kusaga, yai, vitunguu, jibini, mayonezi, akafunga kama bahasha na kuikaanga juu ya tawa lenye samli. Sikuwakataza. Niliwaambia piza moja watu watatu, bila ya mayonezi, na kila mtu achague kitu kimoja cha kuchoma.

Na hapo ndipo nilipoiona Forodhani kwa macho mapya. Nilikuwa nimeiweka akilini kuwa ni mahali pa kuharibikia, kumbe nusu ya meza zile zinauza vyakula ambavyo daktari angeniandikia kwa mkono wake: pweza wa kuchoma, ngisi, jodari, mahindi ya kuchoma, muhogo wa kuchoma, shelisheli. Nyama ya pweza ina protini nyingi na mafuta kidogo sana. Mpwa wangu mdogo alichagua pweza. Muuzaji akamkatia ncha ya mkono wa pweza wenye vidoti, akaukamulia ndimu na kuuchovya kwenye pilipili, na mtoto akautafuna kimya kwa muda mrefu hivi, macho yako baharini, mpaka mama yake akamuuliza kama kuna kilichomkwama. Alikuwa anafurahi tu. Kitu kimoja nilichokuwa makini nacho ni kuchagua meza ambayo chakula kinachomwa mbele yako, kikitoka moto kinaliwa, maana samaki aliyepangwa tangu jioni na kupashwa mara mbili mbili anaweza kukulaza usiku huo huo. Vipande vilivyoungua vikawa vyeusi nilivikwangua.

Skuli nako nimejaribu, kwa unyonge. Wanafunzi wangu wakati wa mapumziko hula muhogo wa kukaanga na kinywaji cha rangi kwenye kifuko, kila siku, na saa tano darasani vichwa vinaanguka. Nilizungumza na mama anayeuza langoni. Akaongeza sufuria ya mbaazi za nazi, na ndizi mbivu. Najua nazi nayo ina mafuta yake, tena mazito, lakini mbaazi zinawakalia tumboni mpaka mchana kwa nyuzinyuzi zake na protini, jambo ambalo muhogo wa mafuta hauwafanyii. Zinauzika. Muhogo bado unauzika zaidi. Sijakata tamaa.

Nataka niseme kwa uzito kwamba haya niliyoyaandika hayamponyi mwenye kisukari, na mwenye dawa asiache dawa kwa sababu mwalimu fulani ameandika habari za bajia. Mimi nilikuwa mlangoni, nikapata nafasi ya kugeuka. Nilianza pia kutembea kutoka Darajani hadi nyumbani badala ya kungoja gari. Kipimo cha mwezi uliopita kilisoma 5.8. Muuguzi ni yule yule. Aliniuliza niliacha nini, nikamtajia soda, halafu nikamweleza habari za chujio la waya, na akaandika kwenye daftari lake.

Mjomba anakuja Ijumaa kwa boti ya asubuhi kuonana na daktari wake. Kwa simu aliuliza mambo mawili: kama ngazi zetu bado ni zile zile, na kama yule bi wa urojo bado anauza. Nimemwambia ngazi ni zile zile na nitamshika mkono. Jioni nilipopita mezani nikamweleza bi mkubwa kwamba nina mgeni mwenye sukari, kutoka Wete. Akaniuliza meno yake yako vipi, anaweza mshkaki, au amwekee mayai mawili.